Kioo cha usalama kwa milango na paneli: Mambo ambayo muuzaji na msafirishaji wanapaswa kuyajua

Na Mwandishi Wetu

WENYE nyumba wengi katika miji ya Afrika Mashariki wanapokarabati nyumba zao siku hizi hawaishii kupaka rangi na kubadili bati. Wanabomoa madirisha madogo ya zamani na kuweka milango mipana ya alumini na kioo, wanatenganisha sebule na chumba cha kulia kwa paneli za kioo, wanaweka shawa ya kioo bafuni na vizuizi vya kioo kwenye ngazi na baraza. Kioo ambacho zamani kilikuwa juu ya kifua cha mtu sasa kimeshuka hadi sakafuni.

Mabadiliko hayo ni habari njema kwa wafanyabiashara wa vioo na kwa wenye malori. Lakini yana upande wa pili. Kioo cha kawaida cha milimita 5 ambacho kimekaa miaka 20 kwenye dirisha lenye nondo bila kumdhuru mtu, kikiwekwa kwenye mlango ambapo watoto wanapita wakikimbia kinaweza kukata mshipa wa mkono au wa paja, na mtu akapoteza damu kabla hajafikishwa hospitali.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi pale kioo kinapovuka mpaka. Anayeuza yuko nchi moja, anayefunga yuko nchi nyingine, na katikati yupo dereva ambaye anachojua ni kwamba amebeba "vioo". Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyehakikisha kwamba aina iliyotumwa inafaa kwa kazi inayokwenda kufanywa.

Makala haya yanaeleza aina za kioo cha usalama, mahali pake ndani ya nyumba, namna ya kukitambua dukani na mpakani, na mambo ya kuzingatia katika kuagiza, kulipia ushuru na kusafirisha.

Kioo cha kawaida kinavyovunjika

Kioo tunachokiona madukani katika karatasi kubwa hutengenezwa kwa kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka, kikaelea na kunyooka chenyewe. Njia hii ilitangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959 na sasa inatumika duniani kote. Kwa ukanda wetu, kiwanda cha Sapphire kilichoko Mkuranga, mkoa wa Pwani nchini Tanzania, kilizinduliwa mwaka 2023 na kinatengeneza kioo cha aina hii.

Kioo hiki baada ya kutengenezwa hupozwa polepole ili kisiwe na mkazo ndani yake. Ndiyo maana fundi anaweza kukichora kwa kalamu ya almasi na kukivunja kwa mstari ulionyooka. Sifa hiyo inayomsaidia fundi ndiyo inayomuumiza mtumiaji. Kikigongwa, ufa huanzia pale pale na kukimbia kwa mistari mirefu, na vipande vinavyobaki huwa virefu na vyenye ncha kama visu. Vingine hubaki vimening'inia kwenye fremu, na mtu aliyejikwaa hukatwa mara ya pili anapojaribu kuutoa mkono.

Ni muhimu kuelewa jambo hili tangu mwanzo: kioo cha usalama si kioo kisichovunjika. Ni kioo ambacho kikivunjika hakimkati mtu vibaya. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba "hiki hakivunjiki" anauza kitu ambacho hakipo.

Kioo cha tempa

Aina ya kwanza ya kioo cha usalama ni ile inayojulikana kwa mafundi wengi kama kioo cha tempa. Kioo cha kawaida hukatwa kwa kipimo kamili, hutobolewa matundu ya bawaba na kitasa, kingo zake husagwa, kisha huingizwa kwenye tanuru na kupashwa joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi. Kikitoka hupigwa na upepo wa baridi pande zote mbili kwa kasi.

Ngozi ya nje hupoa na kuganda kwanza. Sehemu ya ndani hupoa baadaye, na inapojikunyata huivuta ngozi ya nje na kuibana. Matokeo yake ni kwamba kioo kizima kinakaa katika hali ya kubanwa upande wa nje na kuvutwa upande wa ndani. Ili kivunjike, kwanza lazima mkandamizo huo ushindwe, na ndiyo maana kioo cha tempa kina nguvu mara nne hadi tano ya kioo cha kawaida chenye unene ule ule. Pia kinavumilia tofauti kubwa zaidi ya joto, jambo lenye maana kwa ukuta wa kioo unaopigwa na jua la mchana upande mmoja tu.

Kikivunjika, mkazo wote hufunguka kwa mara moja na kioo hupasuka kuwa punje ndogo ndogo. Kiwango cha Ulaya, EN 12150, kinataka kioo cha unene wa milimita 4 hadi 12 kitoe angalau vipande 40 ndani ya mraba wa milimita 50 kwa 50. Punje hizo zinaweza kuchubua ngozi, lakini hazichomi kama kisu.

Kuna mambo mawili ambayo mfanyabiashara lazima ayaweke kichwani.

La kwanza, kioo cha tempa hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kutoka tanuruni. Ukikichora na kukigonga, kinapasuka chote. Maana yake ni kwamba huwezi kukiweka dukani katika karatasi kubwa ukasubiri wateja. Kila kipande kinatengenezwa kwa mlango wake.

La pili, uso wake ni imara lakini kingo zake ni dhaifu. Kioo kinachostahimili kugongwa na bega la mtu mzima kinaweza kupasuka chote kwa kugusa sakafu ya vigae kwa kona moja. Wapakiaji wanaofikiri tempa ni kigumu kiasi cha kusimamishwa popote ndio wanaopata hasara.

Vilevile, mara chache kioo cha tempa hupasuka chenyewe bila kuguswa, hata miezi mingi baada ya kufungwa. Sababu kubwa ni punje ndogo ya salfaidi ya nikeli iliyobaki ndani ya kioo tangu kiwandani, ambayo hutanuka taratibu. Kwa kazi kubwa au za ghorofani, mteja anaweza kuomba vioo vilivyopitia jaribio la joto la kiwango cha EN 14179, ambapo vyenye kasoro hiyo hupasukia kiwandani badala ya kupasukia nyumbani.

Kioo cha lamineti

Aina ya pili ni kioo cha lamineti. Hiki ni vioo viwili au zaidi vilivyobandikwa pamoja kwa karatasi ya plastiki ngumu inayong'aa, ambayo mara nyingi ni ile inayoitwa PVB. Asili yake inatajwa kuwa kazi ya mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1909. Ni kioo cha aina hiyo kilichoko mbele ya dereva katika gari lolote la leo, kwa hiyo msafirishaji anakijua hata kama hajawahi kukiita kwa jina. Jiwe likikipiga, kinafanya utando wa buibui lakini kinabaki mahali pake.

Unene wake husomwa kwa namna ya pekee. Kioo kilichoandikwa 6.38 ni vioo viwili vya milimita 3 na plastiki ya milimita 0.38 katikati. Kilichoandikwa 8.76 ni viwili vya milimita 4 na plastiki ya milimita 0.76. Ukiona ankara imeandikwa "lamineti 6 mm" bila desimali, uliza kabla hujalipa, kwa sababu huenda ni kioo kingine kabisa.

Lamineti iliyotengenezwa kwa vioo vya kawaida inaweza kukatwa na fundi mwenye ujuzi. Huchora pande zote mbili, huvunja, kisha hukata plastiki ya katikati. Kwa muuzaji hii ni faida kubwa, kwani anaweza kuagiza karatasi nzima na kuuza kwa vipimo vya mteja bila kurudi kiwandani.

Faida nyingine ni ulinzi. Mwizi akivunja tempa, kioo chote kinaanguka na njia iko wazi. Akivunja lamineti, bado ana plastiki ya kuipasua, na kelele zinaongezeka. Aidha kwa paa la kioo, au kizuizi cha baraza la ghorofani, lamineti ndiyo inayofaa kwa sababu vipande havimwangukii mtu aliye chini.

Udhaifu wake uko kwenye kingo. Unyevu ukiingia mara kwa mara, plastiki hubadilika kuwa na ukungu mweupe kuanzia pembeni. Mafundi wanashauriwa wasitumie silikoni inayotoa harufu ya siki kwenye kingo hizo, watumie ile isiyo na asidi.

Vioo vinavyodhaniwa kuwa vya usalama

Sehemu kubwa ya makosa sokoni haitokani na udanganyifu bali na kuchanganya sifa. Mteja anaomba "kioo kizuri kigumu" na anapewa kimojawapo kati ya hivi:

Kioo kinene. Kioo cha kawaida cha milimita 8 au 10 ni kigumu kuvunjika kuliko cha 5, lakini kikivunjika hutoa vipande vile vile virefu, na vizito zaidi.

Kioo cha rangi au cha kuakisi. Vioo vya bluu, kijani na kahawia vinapunguza mwanga na joto. Rangi haiongezi usalama hata kidogo. Kinyume chake, kioo cha rangi hunyonya joto la jua, na nusu yake ikiwa kivulini kinaweza kupata ufa.

Kioo chenye maua au kilichopigwa mchanga. Kinaficha bafu, lakini hakina nguvu zaidi ya kioo laini. Kama ni cha bafuni, kiwe cha maua na wakati huo huo kiwe cha tempa au lamineti.

Kioo chenye wavu wa waya. Wengi wanaamini waya unakiimarisha. Kazi ya waya ni kushikilia kioo wakati wa moto. Mtu akikigonga kwa mkono, kioo hupasuka na waya uliokatika humkata pamoja na kioo. Isipokuwa kina alama ya kufaulu jaribio la usalama, kisiwekwe mlangoni.

Kioo kilichopashwa joto nusu. Hiki kimepitia tanuru lakini kimepozwa taratibu zaidi. Kina nguvu takriban mara mbili ya kioo cha kawaida, lakini huvunjika kwa vipande vikubwa. Peke yake si kioo cha usalama, ingawa hutumika vizuri ndani ya lamineti.

Pia tusisahau nondo. Katika nchi zetu karibu kila dirisha lina nondo au grili, na wengi wanaona hapo usalama umekwisha. Nondo zinazuia mwizi wa nje. Hazimzuii mtoto aliye ndani kuanguka juu ya kioo.

Wapi hasa panahitajika

Si kila kioo cha nyumba kinapaswa kuwa cha usalama. Miongozo ya ujenzi ya Uingereza, ambayo imeigwa na wasanifu wengi katika nchi zilizokuwa chini yake, inataja maeneo ya hatari kwa vipimo vinavyokumbukika kirahisi:

- Kioo chochote cha mlango, kuanzia sakafuni hadi kimo cha milimita 1,500.
- Paneli iliyo pembeni ya mlango, ndani ya milimita 300 kutoka ukingo wa mlango, hadi kimo hicho hicho. Hapa ndipo mtu anaposukuma akidhani anasukuma mlango.
- Kioo cha ukuta au dirisha kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni. Hicho ni kimo cha mtoto.

Kwa busara ongeza kuta za shawa na karibu na beseni la kuogea ambapo sakafu huteleza, kioo cha kwenye ngazi au mwisho wa ngazi, na vizuizi vya baraza.

Kwa unene, mazoea ya kazi ni haya. Mlango wa alumini wenye fremu pande zote unatosheka kwa tempa ya milimita 6 au lamineti ya 6.38, kutegemea ukubwa wa kioo. Mlango wa kioo usio na fremu unahitaji tempa ya milimita 10 au 12, kwa sababu bawaba na kitasa vinashika kioo chenyewe. Shawa isiyo na fremu huwa ya tempa ya milimita 8 au 10. Kizuizi cha baraza la juu kiwe lamineti iliyotengenezwa kwa vioo vya tempa, na hapo mhandisi ahusishwe.

Jambo moja dogo lisilo na gharama: kioo kikubwa kisicho na fremu katikati kiwekewe alama zinazoonekana. Miongozo hiyo hiyo inapendekeza alama katika ngazi mbili, kati ya milimita 850 na 1,000, na kati ya 1,400 na 1,600 kutoka sakafuni, ili mtoto na mtu mzima wote waione.

Hesabu ya gharama

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya kioo cha usalama ni bei. Tuchukue mfano wa nyumba yenye jumla ya mita za mraba 30 za kioo. Mlango wa kusukuma wenye vioo vinne vya mita 0.9 kwa 2.1 unachukua mita za mraba 7.56. Paneli mbili za pembeni za mita 0.4 kwa 2.1 zinachukua 1.68. Mlango wa shawa wa mita 0.7 kwa 1.9 unachukua 1.33. Jumla ya maeneo ya hatari ni mita za mraba 10.57. Zinazobaki 19.43 ni madirisha ya juu.

Tuseme kioo cha kawaida kinauzwa 100 kwa mita ya mraba na cha tempa kinauzwa maradufu, yaani 200. Tarakimu hizi ni za mfano tu, msomaji aweke bei za soko lake na sarafu yake. Nyumba nzima kwa kioo cha kawaida ni 3,000. Nyumba nzima kwa tempa ni 6,000. Lakini tempa ikiwekwa maeneo ya hatari pekee, hesabu ni 1,943 kwa madirisha na 2,114 kwa milango na shawa, jumla 4,057.

Mteja anayeambiwa "mara mbili" anakimbia. Mteja anayeonyeshwa kwamba ni nyongeza ya karibu theluthi moja ya gharama ya vioo, na kwamba vioo vyenyewe ni sehemu tu ya gharama ya alumini, vitasa na ufundi, anasikiliza. Muuzaji anayejua kugawa hesabu hivi anauza zaidi na analala usingizi.

Kama mwenye nyumba ameshafunga kioo cha kawaida na hana uwezo wa kubadili, ipo karatasi maalumu ya plastiki ya usalama inayobandikwa juu ya kioo ili vipande visitawanyike. Si sawa na kioo kipya cha usalama, lakini ni bora kuliko kuacha kama kilivyo. Karatasi nyembamba ya giza kama ile ya madirisha ya magari haifanyi kazi hiyo.

Namna ya kukitambua

Njia ya kwanza ni alama. Kioo cha tempa chenye ubora huwa na alama ya kudumu kwenye kona moja, iliyochomwa au kuchorwa ndani ya kioo, yenye jina la mtengenezaji na namba ya kiwango. Namba zinazoonekana sana katika soko letu ni EN 12150 kwa tempa na EN 14449 kwa lamineti kutoka Ulaya na nchi zinazofuata viwango hivyo, GB 15763 pamoja na alama ya CCC kutoka China, IS 2553 kutoka India, na ANSI Z97.1 ya Marekani. Stika ya karatasi inayobanduka kwa kucha si alama.

Baadhi ya vioo huonyesha pia daraja la jaribio la kugongwa la EN 12600. Katika jaribio hilo, mzigo wa kilo 50 wenye matairi mawili huachiwa uyumbe na kukigonga kioo kutoka kimo cha milimita 190, 450 na 1,200. Namba 1 ni daraja la juu, namba 3 ni la chini.

Njia ya pili ni macho. Ukitazama ukingo wa lamineti utaona mstari mwembamba wa plastiki katikati ya vioo viwili. Ukitazama tempa kwa mshazari ukiwa umevaa miwani ya jua ya polaraidi, mara nyingi utaona madoa au michirizi ya kivuli iliyopangika. Kingo za tempa husagwa kabla ya tanuru, kwa hiyo ukingo mkali uliokatwa tu ni sababu ya kushuku.

Njia ya tatu ni swali. Fundi akikuambia "lete, nitakipunguza kidogo hapa hapa", basi ama kioo hicho si cha tempa, ama fundi huyo hajawahi kukishika.

Kuagiza kutoka ng'ambo ya mpaka

Viwanda vyenye tanuru za tempa viko zaidi katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam, wakati wateja wako hata katika miji midogo ya mipakani. Oda inasafiri kwa simu na kipande kinarudi kwa lori. Kosa la sentimita moja halirekebishiki. Kioo kilichozidi kipimo kinakuwa taka, na mwenye kosa ndiye anayelipa kingine pamoja na usafiri.

Kwa hiyo, pima baada ya fremu kufungwa na plasta kukauka, si kabla. Pima upana sehemu tatu na kimo sehemu tatu, uchukue kipimo kidogo kabisa, kisha toa nafasi ya raba na kutanuka kama mtengenezaji wa fremu anavyoelekeza. Pima pia kona kwa kona. Mistari miwili ikitofautiana, uwazi umepinda.

Andika kila kitu kwa milimita, si inchi na futi zilizochanganywa. Chora mchoro unaoonyesha matundu, upande wa bawaba, na upande wa alama. Pande zote mbili zitie saini mchoro huo kabla ya malipo ya awali. Mchoro huo ndio ushahidi pekee siku ya mgogoro, hasa kama muuzaji na mnunuzi wako chini ya mahakama za nchi mbili.

Forodha na viwango

Makosa ya namba ya bidhaa huchelewesha vioo mpakani. Katika mfumo wa HS unaotumika na nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kioo cha kawaida cha kuelea kiko 7005. Kioo cha usalama kiko 7007: tempa isiyo ya magari ni 7007.19, na lamineti isiyo ya magari ni 7007.29. Kioo cha tabaka chenye hewa katikati ni 7008, cha kujitazamia ni 7009. Mlango au dirisha la alumini lililokamilika na kioo chake huwa 7610.10. Kuandika "vioo" tu kwenye ankara ni kumwachia ofisa wa forodha aamue mwenyewe.

Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya inaweza kupata unafuu wa ushuru ikiwa na cheti cha uasili. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, ambao cheti chake hupatikana mpakani. Hata hivyo, usidhani kwamba kioo kilichotoka nje ya Jumuiya kinakuwa cha Afrika Mashariki kwa sababu tu kimekatwa hapa. Muulize wakala wako kabla ya kupakia.

Kwa mizigo inayotoka nje ya Jumuiya, ukaguzi kabla ya kusafirisha unaojulikana kama PVoC unafanywa kwa niaba ya KEBS kwa Kenya, TBS kwa Tanzania na UNBS kwa Uganda. Kwa Congo, shirika linalohusika ni OCC. Ndani ya Jumuiya, sheria ya viwango ya mwaka 2006 inataka alama ya ubora ya nchi mwanachama itambuliwe na nyingine, kwa hiyo nakala ya cheti cha ubora isafiri pamoja na mzigo, isibaki ofisini kwa muuzaji.

Kwa wasafirishaji

Kanuni ya uzito ni rahisi: kila mita ya mraba, kwa kila milimita ya unene, ni kilo 2.5. Kioo cha milimita 6 ni kilo 15 kwa mita ya mraba. Cha milimita 10 ni kilo 25. Karatasi moja ya milimita 5 yenye ukubwa wa 3,300 kwa 2,140 ina kilo 88. Kreti yenye karatasi 25 inafika tani 2.2 kabla ya kuhesabu mbao zake. Kwa hesabu hiyo dereva anajua mapema kama mizani itamsumbua.

Kioo husafiri kikiwa kimesimama kwenye ukingo wake, kimeegemezwa kidogo kwenye fremu ya umbo la herufi A, pande zote mbili za fremu zikiwa na uzito unaolingana. Kikilazwa, kila tuta la barabarani kinalipinda, na vya chini hubeba uzito wa vya juu. Chini na nyuma pawekwe raba au mbao laini. Kati ya kipande na kipande pawe na karatasi au kizibo. Mikanda isiguse kona bila kinga, na ikazwe upya baada ya kilomita chache za mwanzo, mzigo ukishajipanga.

Funika kwa turubai. Maji yakiingia kati ya vioo vilivyopangwa na kukaa siku kadhaa kwenye foleni, huacha madoa meupe ambayo hayatoki. Mzigo unafika mzima, lakini mteja anaukataa.

Zaidi ya hasara, kuna uhai. Kreti ya tani mbili ikianza kuanguka hakuna mtu anayeizuia kwa mikono. Hatari kubwa ni wakati wa kufungua kontena: kamba zikikatwa huku kontena limeinama, kreti hulala juu ya aliyesimama katikati. Egesha mahali tambarare, fungia kreti kwenye foklifti au krini kwanza ndipo ukate kamba, na mtu yeyote asisimame kati ya kreti na ukuta. Wapakiaji wavae glavu na viatu vilivyofunika vidole.

Wakati wa makabidhiano, hesabu vipande mbele ya mpokeaji, piga picha kila kona, na andika kasoro kwenye hati ya usafirishaji papo hapo. Makubaliano ya nani anabeba hasara ya kuvunjika njiani, muuzaji, mnunuzi au mwenye lori, yaandikwe kabla injini haijawashwa.

Kabla ya kulipa, uliza

1. Kioo hiki kinakwenda wapi ndani ya nyumba: mlangoni, bafuni, ngazini, au dirisha la juu?
2. Ni tempa au lamineti, na unene wake kamili ni upi?
3. Alama ya kudumu iko kona gani, na imeandikwa kiwango gani?
4. Mchoro wenye vipimo umesainiwa na pande zote?
5. Namba ya HS kwenye ankara inalingana na kilichopakiwa?
6. Nani analipa kikivunjika kabla ya kupokelewa?

Mwenye duka la Arusha, Kampala au Bujumbura anayeuliza maswali haya sita hatakosa wateja. Mwenye nyumba hajui tofauti ya 5 na 6.38, na hana sababu ya kuijua. Amemwamini aliyemuuzia, na mtoto wake ndiye atakayekimbilia mlango huo kila jioni.